Kitanzi cha Kijani

Fundi alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akaisugua kwa brashi ya viatu, akainusa, akainawa tena. Bado ilimtia kinyaa. Siku hizi hata chakula alikula kwa kijiko, kama mgonjwa, asije akailamba mikono iliyomng'oa mkwe wake jino.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pinde za kisasa, zile zenye magurudumu kwenye ncha, katika chumba cha nyuma cha klabu ya michezo. Katika upinde wa namna hiyo kitu kidogo kuliko vyote ndicho cha hatari kuliko vyote: kitanzi cha kamba kinachofungwa katikati ya uzi. Mlengaji hukinasa kwa kishikizo cha chuma mkononi, kisha anavuta. Kikichomoka wakati wa kuvuta, ngumi humrudia mwenyewe mdomoni.

Ndivyo alivyoambiwa ilivyotokea. Aliyeleta habari ni mwanawe wa kiume, ambaye hajawahi kushika upinde na huuita mchezo wa watu wasio na kazi. Alisimama mlangoni bila hata shikamoo.

"Baba, fundo lako limemng'oa mke wangu jino. Umezeeka, pumzika."

Kisha akamnyooshea mkono wa kushoto kumuaga, wa kulia ukiwa mfukoni. Fundi aliupokea. Dharau ile aliona anaistahili.

Klabuni habari haikulala. "Koleo siku hizi anang'oa meno!" alisema mlinzi wa geti, na waliokuwepo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Koleo lilikuwa jina lake la utani tangu ujanani, na alikuwa akilipenda. Sasa kila akilisikia huenda kunawa mikono tena. Wateja wakaanza kupeleka pinde zao kwa yule jamaa wa mtaa wa pili anayefunga vitanzi huku anaongea na simu. Katibu wa klabu naye, kwa ule upole wake wa kinafiki, alimwambia chumba kile kingefaa kuwa stoo, hivyo mwisho wa wiki arudishe funguo.

Kilichomtafuna zaidi ni kwamba hakukumbuka alipokosea. Kitanzi cha mkwewe alikifunga kwa kipande cha mwisho cha kamba ya kijani, ikamwishia palepale, na dukani haijaonekana tena. Ncha za kamba alizichoma moto. Au hakuzichoma? Alijiuliza hivyo mpaka akaanza kujichukia.

Mchana mmoja mkwewe akaja, ncha ya mtandio ikifunika mdomo, mfuko wa upinde begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakuweza kumtazama. "Mumeo anajua uko hapa?"

"Anaegesha gari. Nimemwambia narudisha upinde, basi." Aliuweka mfuko mezani. "Haujafunguliwa tangu siku ile. Nataka uufungue wewe."

"Kwa mikono hii?"

"Hiyohiyo, baba."

Hakuufungua mara moja. Kwanza alitayarisha kamba mpya, nyeusi, maana ndiyo iliyobaki. Akakata kipande cha urefu wa kiganja, akawasha kiberiti cha gesi, akaichoma ncha mpaka ikayeyuka na kuwa kinundu kigumu. Akaichoma na ya pili. Bila vinundu hivyo fundo huteleza. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Aliwaza lile pengo kinywani mwa binti wa watu, aliyemkabidhi upinde wake kwa imani.

"Nisamehe," alisema.

Macho ya mkwewe yalikuwa kwenye mfuko tu.

Fundi akavuta zipu, akautoa upinde, akaubana kwenye jiliwa la meza, akavaa miwani.

Uzi haukuwa mtupu. Katikati yake kilikaa kitanzi cha kijani, fundo moja limegeukia kulia na jingine kushoto, kama afungavyo yeye, na kila ncha na kinundu chake cheusi. Alikishika kwa koleo, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka meza ikalia. Hakikusogea.

Akavuta tena. Meza ikalia tena.

Mlango ukasukumwa. "Twende," mwanawe alisema, akimnyooshea mkewe mkono wa kushoto.

Fundi aliliweka koleo chini taratibu.

"Mwanangu," alisema, "hebu utoe huo wa kulia mfukoni."