Ujumbe kwa Mbombo

Suzanne alimfunga Papa Kabongo kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaanza kuisukuma kuelekea parokia. Mzee hakulalamika. Tangu alipopigwa na kiharusi, mdomo wake haukutoa hata neno.

Suzanne alikuwa muuguzi wa nyumba ya wazee ya masista, hapo Likasi, na nyumba yenyewe ilikuwa inafungwa. Unga umekwisha, dawa hakuna. Wazee wengine walishachukuliwa na ndugu zao, akabaki Kabongo. Watoto wake walipanda treni ya kwenda Mwene-Ditu mwaka uliopita, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga; yeye miguu ilimkatalia. Asipokuja mtu wiki hii, atalala nje. Suzanne mwenyewe alibanana na wanawe kwenye chumba kimoja.

Si kwamba hakuwaarifu. Mara tatu alisema kwenye foni, ile redio ya mawasiliano ya parokia, tena kwa adabu: "Papa iko mugonjwa sana. Mukuye mbio." Na kila mara watoto wakajibu kutoka Mwene-Ditu: "Tumesikia. Asante, mama." Basi, wakanyamaza. Watoto gani hao, wa kumtupa baba yao kama chungu kilichopasuka?

Leo hasira zilimpanda. Alitaka Mbombo, binti mkubwa, aitwe mwenyewe, na baba amsikie.

Alphonse, mwenye foni, alihangaika na mashine mpaka sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya mikwaruzo. Papa Kabongo akainua kichwa.

"Mbombo, ni minye Suzanne. Juu ya nini hamukuye? À vous." Akaachia kitufe, zamu ya Mbombo kusema.

"Mama, usikasirike. Njia ni mubaya, na tulielewa tangu siku ya kwanza. Nani anaweza kuambia muntu kifo mu foni? Ulisema 'iko mugonjwa sana', tukaanza kilio siku ile ile. Nywele tulishanyoa. Utuambie tu mulimuzika wapi. À vous."

Machozi yalimtoka mzee, yakashuka upande ule wa uso uliopooza. Suzanne alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mbombo, papa iko hapa! Iko pembeni yangu, anakusikia. À vous."

"Ndiyo, mama," Mbombo akajibu kwa upole. "Hata siye tunaamini vile. Bale balikufa banatusikiaka."