Kisanduku cha Usawa

Mwaka ule wa vita vya watu wengine, wakubwa walipitisha kwamba nchi yetu haina upande, hata kwa matusi. Kila nyumba ikatundikiwa kisanduku cha kusikiliza na kukumbusha: ukilaani Mashariki, sharti ulaani na Magharibi.

Mzee Shemdoe aligoma. Kombora la Mashariki lililopotea njia lilimuulia mkewe, Namkunda, na madaktari wa Magharibi ndio waliohangaika kumwokoa. "Niwalaani kwa lipi? Wakubwa wanakula kuku, sisi tunapangiwa hadi laana!"

Asubuhi moja, akikuna nazi, akaapiza kama kawaida: "Mashariki walaaniwe!"

Safari hii kisanduku kikajibu kwa sauti ya Namkunda, ileile, na kikohozi chake: "Baba Shekue, bado Magharibi."

Nazi ikamponyoka. Akavua kofia.

"Magharibi walaaniwe," akanong'ona.

"Ahsante, mume wangu."

Kikanyamaza. Mzee akasubiri, akasogea karibu, akaanza upya: "Mashariki walaaniwe..."