Mwandiko wa Fuko

Katika China ya enzi za Mfalme Joka, hata mnyama wa shimoni aliweza kupata cheo akifaulu mtihani. Basi tuta la mto lilipoanza kuvuja, Joka akatafuta msimamizi wa kulitengeneza. Fuko, ambaye watoto wake walilala chini ya tuta hilo, akaenda kutahiniwa.

Tausi, mtahiniwa mwenzake, akamchungulia. "Huo mwandiko, au kuku kaparua? Wangu Bwana Mbweha anaujua, na ndiye msahihishaji."

"Andika yako uniache," Fuko akafoka.

Lakini Joka hakuwa wa kuchezewa. Majina yalifunikwa kwa karatasi, kisha karani Korongo akanakili majibu yote upya kwa mkono wake. Mbweha akakuta mwandiko mmoja tu, ikambidi asome. Jibu moja lilimsifu Joka kurasa nne. Jingine lilieleza maji yanapenya wapi na udongo gani utayazuia. Hilo likashinda, na jina lilipofunuliwa, likawa la Fuko.

"Bwana, hukuniona?" Tausi akamlalamikia Mbweha.

"Nilikutafuta kurasa zote nne, mwanangu. Hukuwamo."

Fuko hakungoja kuyasikia hayo. Alishachukua muhuri wa kazi, yuko tutani anachimba udongo wa kuzibia.