Ndoo Mbili

Zaituni alianza kupaka rangi kona ya dirisha, mumewe Shebe akaanza kona ya mlango, kila mmoja na ndoo yake ya mabaki ya rangi waliyookoteza kwa mafundi. Walipokaribiana katikati ya ukuta ndipo wakaona: kwa Zaituni krimu, kwa Shebe manjano.

"Si nilisema tuchanganye pamoja?" akauliza Shebe.

"Ulisema mara moja tu," akajibu Zaituni, akakaa sakafuni.

Kati yao palibaki saruji tupu, upana wa mtu kupita. Shebe akamimina rangi yake kwenye ndoo ya mkewe, akakoroga.

"Inuka, mama. Tumalizie."

Walipomaliza, katikati ya krimu na manjano palikuwa na mstari wa rangi ya tatu, kama mlango kati yao.