Ubavu wa Diwani

Rungu liliposhuka mara ya pili nguruwe akalala, na bibi Ambuna akageuza uso. Alikuwa amemlea tangu akiwa wa kutosha kiganjani, akimtafunia viazi vitamu kwa meno yake manne yaliyobaki. Sasa mke wa mwanawe, Yaneme, alikuwa anamchinja. Hapakuwa na harusi wala msiba. Alikuwa anamchinjia Diwani Pokale.

Pokale huyohuyo aliyemnyima mtoto kiti cha ndege.

Mtoto ni Serina, wa miezi saba, mjukuu pekee wa Ambuna. Alikuwa na kikohozi ambacho kila akivuta pumzi mbavu zilizama ndani. Tabibu wa zahanati alikuwa amesema dawa zake zimefika mwisho, mtoto apelekwe hospitali ya mjini, na asicheleweshwe. Kwa miguu ni siku nne, milima miwili na mto usio na daraja, tena mvua ndiyo hii. Ndege huja kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, na safari hii ilikuwa imebakiza nafasi moja. Majina ya abiria huandikwa na mwenye redio ya kuitia ndege, na mwenye redio ni Pokale. Akajiandika mwenyewe.

Alikuwa anakwenda kutazama mechi ya raga.

Walipomwendea aliwajibu huku akichokonoa meno. Kikohozi cha mtoto ni mambo ya watoto, alisema, kinaweza kungoja ndege nyingine. Yeye ana wenyeji wake mjini wanaomsubiri. Angewaambia nini, kwamba kiongozi wa kijiji cha Keleme ameshindwa kuja kwa sababu ya makamasi? Ambuna alikuwa ameshakusanya mate mdomoni, anatafuta pa kuyaelekeza. Yaneme akainamisha macho.

"Sawa, Diwani," alisema. "Basi usiende mikono mitupu."

Tangu hapo nyumba ikawa na aibu. Kila asubuhi Yaneme alimpelekea Pokale viazi vya moto na mboga za mafuta, na Pokale alikula kama mtu aliyeajiriwa kula. Kijiji kikacheka. Wanawake waliokuwa wakifyeka nyasi za uwanja wa ndege walimuuliza Yaneme kama siku hizi ana waume wawili, mmoja yuko kwenye mashamba ya pwani na mwingine yuko kwenye redio. Yaneme aliendelea kufyeka. Alikuwa amefyeka uwanja ule miaka sita, kila ndege ikija yupo, kila ndege ikiondoka yupo.

Na sasa nguruwe.

"Mtoto wako anakata roho," Ambuna alimwambia, "na wewe unapaka mafuta mashavu ya huyo. Mama yako alikuzaa na uti wa mgongo, au alisahau?"

"Mama, niachie hili."

"Nikuachie nini tena? Nguruwe nimeshakuachia."

Alhamisi alfajiri shimo la mawe ya moto alimookwa nguruwe likafunuliwa, kandokando ya uwanja, kijiji kizima kikitazama. Ambuna aliketi karibu na mizani ya chuma ya kupimia abiria na mizigo, mahali pake pa uchungu. Mwezi uliopita gunia lake la kahawa liliachwa hapohapo, kwa kuwa magunia ya Pokale yalitangulia kupimwa, na panya wakalifaidi. Kutoka pale alimwona Yaneme amevaa nguo ya kanisani, na mtoto amemwogesha, amemlaza kwenye mkoba wa kusuka unaoning'inia mgongoni. Amejipamba, Ambuna aliwaza, kuja kumuaga bwana mkubwa.

Yaneme akatoa ubavu mzima, na paja, na kichwa, vimefungwa pamoja kwa majani ya ndizi.

"Diwani, huu ni wako na wenyeji wako wa mjini," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa uwanja. "Jina la Keleme liende juu ya bega lako."

Pokale akavimba. Alikuwa amevaa fulana ya raga inayombana tumboni. Aliinama, akaubeba mzigo mwenyewe, kwani nyama iliyopokelewa mbele za watu haitui chini mpaka ifike inakokwenda. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Udiwani wenyewe aliupata mwaka ule mpinzani wake alipotua paja la nguruwe kwenye kingo za mto, avute pumzi tu. Watoto waliomwona wakamtungia wimbo. Kura ziliishia kwenye wimbo huo, na mpinzani mwenyewe alihama, wimbo ukabaki.

Ndege ikatua, ikasimama hatua chache kutoka kwenye ukingo wa genge. Mawingu yalikuwa yanateremka na rubani hakuzima injini. Akaita jina la Pokale.

Pokale akapanda kwenye mizani na ubavu wake, mafuta yakimchuruzika shingoni. Rubani akatazama mshale, kisha akatazama genge mwisho wa uwanja. Akasema atue mzigo apande, au abaki nao. Vyote viwili haviruki.

Pokale akawatazama watu. Watu wakamtazama bega.

Ndipo nyuma yake mtu akaanza kuimba taratibu, kama anayebembeleza mtoto, ule wimbo wa mtoni.

Pokale akashuka na mzigo wake begani. Mwimbaji akapanda mahali pake, mtoto mgongoni, na mkobani hakuwa ametia hata kiazi kimoja.