Kikohozi cha Bibi

Mama Senzia, jirani yake Nakiete, anaapa kwamba jana Nakiete aliimba wimbo wa maji bila kukohoa, na mlango wa ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba, ukagoma kufunguka. Ni kweli. Mlango hufunguka tu ukisikia wimbo vilevile kama marehemu mama yake Nakiete alivyorekodiwa akiuimba, siku aliyokuwa na mafua, na sheria ya kulinda urithi wa utamaduni hairuhusu kubadili hata pumzi.

“Kohoa, mwenzangu, mahindi yanakauka!” Mama Senzia alimtania hiyo jana.

Leo Nakiete alikohoa, maji yakateremka. Wakirudi nyumbani, binti yake Nakiete, aliyemsindikiza, aliuimba wimbo, akakohoa mahali palepale.

“Mama, hebu niambie. Bibi alipokuwa mzima, pale penye kikohozi alitamka neno gani?”

Nakiete aliinama, akaanza kuzibua mfereji ambao haukuwa umeziba.