Gogo la Nyuki Weusi

Kibwana aliingia uani na kidumu cha mafuta ya taa, akamkuta Tausi, mjane wa kaka yake, ameketi juu ya gogo kavu.

"Inuka, shemeji. Leo nalichoma. Nyuki hawa wameshalitoboa lote, kesho watahamia kwenye paa."

"Siinuki."

Nyuki wenyewe walikuwa weusi, wanene, wakiingia na kutoka kwenye matundu karibu na miguu ya Tausi. Nyuma yao mipasheni ilikuwa imetambaa ukuta mzima, imejaa maua.

"Hata asali hawatoi," Kibwana alisema.

"Wananipa pasheni. Ua lile ni kubwa, nyuki wadogo wanachota chavua na kwenda zao. Hawa ndio wenye mgongo mpana wa kuifikisha panapotakiwa ndani ya ua, tunda lishike. Jirani aliwaua wa kwake mwaka jana. Uliona tunda pale?"

Kibwana alitupa jicho upande wa jirani. Mwaka jana alikuwa ameona maua tu pale, yakidondoka bila kuzaa.

"Nyumba hii ni ya ukoo wetu," alisema.

"Na watoto wa ukoo wenu wanasoma kwa pasheni hizi. Mwaga mafuta, lakini utanimwagia na mimi."

Kibwana alifungua kidumu. Harufu ikasambaa. Tausi alipandisha miguu juu ya gogo, akalikumbatia kwa mikono miwili.

Nyuki mmoja akatoka chini ya kiwiko chake, akapita mbele ya uso wa Kibwana, akatua kwenye ua. Ua likainama kwa uzito wake, chavua ikampaka mgongoni. Wote wawili wakabaki wakimtazama.